Magunia Kumi ya Udongo

Ua wa nyuma wa mama mkwe wangu, mtaa wa Magoudjou, Moroni, ulikuwa hatua kumi na nne kwa tisa. Nilipima mara mbili, maana mara ya kwanza nilipima nikiwa na hasira, na hatua ya hasira huwa ndefu. Ndani ya hatua zote hizo hapakuwa na udongo wa kujaza kikombe. Palikuwa na jiwe la volkano, jeusi, limeganda kwa mikunjo kama uji uliofurika sufuriani, na juu yake birika kubwa la kukusanyia maji ya mvua, kamba ya nguo, masufuria yaliyotoboka, na friji iliyokufa kabla sijaoa.

Mimi ni Mndzuani, mtu wa kisiwa cha Ndzuani, mji wa Mutsamudu. Kwetu mto unapita mjini, na ukidondosha kokwa ya embe inaota bila kukuomba ruhusa. Nilioa Moroni, kisiwa cha jirani, na kwa desturi ya visiwa vyetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya wanawake, kutoka bibi hadi mjukuu, na kiwanja chake hakiuzwi wala hakigawiwi mwanamume. Changu mle ndani kilikuwa kanzu mbili, mswaki na upande mmoja wa kitanda. Kwa miaka haikunisumbua. Kisha kisiwa chetu kikatangaza kwamba kimejitenga, na watu wa mtaani wakaanza kunitazama kana kwamba nilikaa peke yangu nikaamua.

Nilitaka jambo moja tu: nisiambiwe niondoke. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kila wiki nilisikia Mndzuani mwingine amefungasha vitu vyake, wengine wakisaidiwa kufungasha bila kuomba msaada.

Kazi yangu ilikuwa kuleta karafuu, machungwa na vitunguu kutoka kwetu. Meli zilipoanza kuwa za kubahatisha, nikabaki nyumbani. Sasa mwanamume anayeshinda nyumbani kwa mkewe tangu asubuhi hana tofauti kubwa na ile friji. Watu wanampita, wanamwekea vitu juu. Nikainuka nikasafiri mara moja ya mwisho, nikiwa nimeshalipia kabisa nafasi ya magunia kumi ya kurudia.

Bandarini Mutsamudu, mfanyabiashara niliyemzoea aliniangalia viatu badala ya uso.

"Mzigo hautoki, ndugu yangu. Unakwenda nchi nyingine."

"Nchi gani?"

"Moroni."

"Tangu lini?"

"Usinibane. Na mimi nimeambiwa tu."

Nauli ya magunia haikurudishwa. Nilijaribu kwa Kiarabu cha dua, kwa Kifaransa cha ofisini, na kwa lugha ya mama yangu. Mwenye meli alikuwa kiziwi kwa zote tatu. Basi nikajiambia: nafasi ya magunia kumi nimelipia, magunia kumi yatasafiri. Nikapanda vichochoro hadi kwa mama, kwenye bustani yake kando ya mto, nikaazima jembe.

"Unamzika nani?" mama akauliza.

"Naihamisha bustani."

"Bakiza penye mihogo," alisema, akarudi jikoni. Mama hakuwahi kupoteza maneno kwa mtu anayetoka jasho.

Mpagazi wa bandarini aliliinua gunia la kwanza, akaliweka chini.

"Kaka, umebeba maiti?"

"Udongo."

"Moroni hawana udongo?"

"Wana mawe."

"Basi nilipe mara mbili. Mchanga wa nyumbani unakwenda ughaibuni."

Tukamalizana kwa nusu ya alichotaka na mkungu wa ndizi wa mama. Niliyahesabu magunia yakipanda, nikayahesabu yakishuka Moroni. Kumi, na kumi. Ndiyo hesabu pekee iliyolingana mwaka ule.

Kosa nililifanya mlangoni. Mjomba wa mke wangu alikuwa amekaa barazani na majirani wawili. Kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye sauti ya familia ya mke. Baba hupendwa, mjomba huogopwa. Akaniuliza nimeleta nini, na mimi, mgongo ukiniuma, nikajibu kwa lugha ya nyumbani bila kupima: "Ntsi ya kwetu, mjomba."

Ntsi ni ardhi, ile unayoikanyaga. Lakini ntsi ni nchi pia. Mwaka mwingine wowote wangenicheka kwa kubeba matope baharini. Mwaka ule majirani wale wawili walivaa viatu wakaaga, na kufika alasiri Magoudjou nzima ilijua kwamba Mndzuani ameleta nchi yake kwa magunia na anaitandaza nyuma ya nyumba ya watu.

"Hukuweza kusema samadi?" mke wangu aliniuliza.

"Ungekuwa uongo."

"Umeuza machungwa mabovu miaka saba, leo ndiyo umekumbuka ukweli?"

Nikaingia kazini, maana mikono ilikuwa haitulii na masikio yalitaka kelele za kuyaziba. Nyundo niliiazima kwa fundi wa mtaa wa pili, kwa sharti kwamba nimchongee vipande vya msingi wake. Kwa kila jiwe la kwangu nikapasua moja lake. Jiwe lile halipasuki unapotaka wewe. Lazima uliguse, utafute mshipa wake, ulipige hapo kidogo kidogo, nalo likiamua linafunguka kama mkate. Nikajenga ngazi tatu za bustani kufuata mteremko, kuta za mawe makavu bila saruji, urefu wa goti, zikiegemea nyuma kidogo ili mvua isizisukume. Chini kokoto nyeusi, juu majani makavu, jivu la jikoni na mavi ya mbuzi, kisha udongo wa mama, kina cha kiganja kimoja na nusu. Uliingia gunia tatu na nusu kila ngazi, isipokuwa ya juu, iliyopata tatu. Hakuna kilichobaki isipokuwa vumbi la magunia, nalo nililikung'utia papo hapo.

Ufukweni Itsandra nilipatana na wavuvi: niliwashonea nyavu siku mbili, wakaniachia vipande vya matumbawe meupe vilivyorundikana nyuma ya vibanda vyao. Nikavitandaza vikawa njia kutoka mlangoni hadi birikani, nyeupe juu ya weusi, na kwa mara ya kwanza mama mkwe alichota maji alfajiri bila kujikwaa. Friji niliilaza chali, nikaing'oa mlango, nikaijaza majani makavu na mavi ya mbuzi, nikapanda mchaichai. Mama mkwe alipoiona alitoa sauti puani ambayo mke wangu aliapa kuwa ni kicheko.

Ijumaa, baada ya sala, mjomba akaja uani. Alitembea njia nyeupe kama mtu anayekagua mpaka.

"Uutoe," alisema.

"Nini, mjomba?"

"Huo udongo wako. Kiwanja hiki ni cha dada zangu. Leo umeweka ardhi yako, kesho utasema umesimama kwako."

"Nimeshauchanganya na jivu la hapa na mavi ya mbuzi wa hapa. Nitauchagua vipi?"

"Ulivyouleta."

"Niliuleta kwa magunia kumi. Sasa yatajaa kama kumi na sita. Ziada ni ya nani?"

Najua haikuwa saa ya kupatana bei. Lakini mtu aliyeishi kwa mdomo, akiogopa, mdomo ndio unaokimbia wa kwanza. Mjomba alikunja uso, na nikaona wazi kuwa neno linalofuata halitahusu udongo tena. Lingenihusu mimi na meli ya kwanza itakayopatikana.

Mama mkwe alikuwa ngazi ya juu, amechuchumaa, anachomeka vipandikizi vya asumini. Hakuinuka.

"Kaka yangu," alisema, "kilichoingia uani kwangu ni cha nani?"

"Ni chako, lakini..."

"Udongo uliingia?"

"Uliingia."

"Basi ni wangu. Sijauazima, nimeletewa. Ukitaka kuutoa, niombe mimi."

Mjomba akakung'uta kanzu ambayo haikuwa na vumbi, akaenda zake. Mimi nilibaki na nyundo mkononi nikihesabu. Udongo umepata mwenyewe. Mimi je? Mimi pia niliingia, lakini hakuna aliyeulizwa juu yangu.

Nilijibiwa wiki ile ile. Vijana walikuwa wakipita mlango hadi mlango kuuliza Wandzuani wako wapi. Walikuwa sita, niliwahesabu kupitia tundu la ukuta, nikahesabu tena, nikitumaini watapungua. Mke wangu alinisukuma nyuma ya birika. Mama mkwe akafungua mlango mwenyewe, nami nikasikia kila neno.

"Bibi, hapa kwako pana Mndzuani?"

"Hapa pana fundi wangu wa mawe."

"Anatoka wapi?"

"Uani. Wewe ni mjukuu wa yule muuza maandazi, siyo? Mwambie bibi yako namsalimu. Fundi wangu hajamaliza kazi, na akiondoka kabla hajamaliza, nitakuja kukuchukua wewe unipasulie mawe. Mikono yako naiona. Ni laini."

Wenzake walimcheka. Kicheko kikapita nao hadi nyumba ya pili, na huko hakikuwa kicheko tena.

Mama mkwe alirudi uani, akajifunga upya shiromani, ile nguo yake nyekundu ya siku zote, na akazitazama ngazi zangu tatu. Zilikuwa zimekwisha. Hapakuwa na jiwe la kuongeza wala la kupunguza.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Bomoa hiyo ya katikati."

"Mama, imenyooka. Nimeipima mara mbili."

"Ipime ya tatu. Mimi naiona imepinda." Akashusha sauti. "Bomoa, ujenge. Na nyundo ilie, mtaa usikie. Usinimalizie upesi, mwanangu."

Niliibomoa na kuijenga ngazi ile ya katikati mara tano, hadi mtoto akazaliwa, na kila mara nilipolipanga jiwe la mwisho nilimwita aje aione, naye akaja, akainamisha kichwa huku na huku, akasema imepinda.