Sanduku la Swichi na Mkwe wa Buguruni

Siku ya kwanza kazini niliiamkia mashine. Nilisikia sauti nzito nyuma ya mlango, na mie na elimu yangu ya darasa la nne iliyokatikia njiani nikasema, "Shikamoo, bwana mkubwa." Kumbe pampu ya hewa. Fundi Mkuu alicheka mpaka akakaa chini.

Enzi hizo za Mwingereza karakana yetu ilikuwa mjini. Baadaye kazi ya kulipua ikahamishiwa Mtoni, kwenye banda katikati ya mikorosho, mbali na watu, na mie nikahamishwa nayo. Tulipima masanduku ya chuma ya kuwekea swichi za umeme, yaliyokuwa yakipelekwa kwenye mashimo ya makaa ya mawe huko bara. Chini kule kuna gesi. Cheche moja ya swichi inaweza kumaliza watu. Sasa vijana, sanduku lile halizuii mlipuko. Linauacha ulipuke ndani, ila moto usitoke. Mfuniko unapokutana na sanduku pana mwanya mwembamba kama unywele. Hewa ya moto ikipenya hapo inapoa. Mwanya ukizidi, unatoka moto wenyewe.

Tuliliweka sanduku ndani ya tangi, tukajaza gesi ndani yake na nje yake, tangi tukalifunika karatasi. Tukajificha nyuma ya ukuta, tukawasha cheche. Karatasi ikibaki nzima, sanduku limefaulu.

Fundi Mkuu alikuja siku za kulipua tu. Siku nyingine nilikuwaga peke yangu. Watu wa Mtoni walisema nafuga majini, hakuna aliyepita hata kuomba maji. Nikaanza kuzungumza na masanduku. Nilikuwa nayachekesha, na hayacheki.

Basi nikaposa Buguruni, binti wa muuza duka, jina lake Zuhura. Baba yake akasema, "Simwozi mtu wa mabomu mpaka nione kwa macho yangu." Akaja bandani na kanzu yake ya Ijumaa.

Siku hiyo nilipopima mwanya, kona moja ilinitia shaka. Fundi Mkuu akaninong'oneza, "Punguza gesi, bwana harusi. Litakohoa tu, mzee afurahi, sie tule pilau. Lori linalisubiri."

"Na kona hii?"

"Kona gani? Mie sijaona kona."

Mkono wangu ulikuwa kwenye koki ya gesi. Nikamtazama mzee. Akanitabasamia, mara ya kwanza tangu nimpose bintiye. Nikafungua gesi yote, kama siku zote.

Karatasi ikapaa, moto ukachungulia juu ya ukuta. Mzee naye akapaa, kiatu kimoja akakiacha. Nikamkimbilia nikipiga kelele, "Baba, limeshindwa! Ndiyo kazi yenyewe hiyo!"

"Na wewe umeshindwa!" akajibu bila kugeuka.

Kiatu nilikipeleka dukani. Kikapokelewa, posa ikarudishwa. Zuhura aliolewa na fundi cherehani, mtu wa kazi isiyo na kelele. Mie sikuposa tena; nilirudi kwa masanduku yangu mpaka nikastaafu.

Siku hizi nikipika wali napima kikombe kimoja, na bado unabaki. Ila sanduku lile halikupanda lori. Huko bara kuna wanawake waliopima mchele wao kama kawaida jioni, na waume zao wakarudi kutoka mashimoni, wakala, wakaumaliza.