Mama Alamu, fundi aliyekataa kuinyamazisha mashine

Saa tatu kasoro robo asubuhi. Mashine ya kukereza vyuma, ile inayoongozwa na kompyuta, imesimama mlango wazi. Taa nyekundu juu yake inawaka na kuzima, na kwenye skrini kuna mstari mmoja tu unaosema kwamba chuma hakijabanwa.

Mwanamke aliyevaa ovaroli ya buluu amechuchumaa mbele yake, tochi mkononi. Bado hajagusa kitu. Anatazama.

Wenzake humwita Mama Alamu. Ana miaka hamsini na mmoja, na katika karakana hii yenye wafanyakazi thelathini na wanne, mashine ikigoma yeye ndiye anayeitwa.

Hii ni siku ya tatu ya mgomo. Kazi iliyopo ni shafti mia moja na ishirini za pampu za maji, zinazosubiriwa na hospitali ambayo kwa sasa maji yake yanabebwa kwa ndoo. Zimetoka sitini na moja tu.

Katika mashine hii, chuma kinachokerezwa hushikwa na mataya matatu. Sensa moja, kifaa kisichozidi kidole gumba, huiambia kompyuta kama mataya yamebana sawasawa. Ikikataa, mashine haizunguki. Tatizo ni kwamba hukataa ikipenda: chuma cha kwanza kinapita, cha pili kinapita, cha tatu alamu inalia. Sensa imebadilishwa mara mbili, lakini kilio ni kilekile.

"Mama, tuziunganishe zile nyaya mbili tuiruke sensa, tumalize kazi," anasema msimamizi. "Hospitali wamepiga simu mara nne leo."

"Ukiziunganisha, mashine itaamini kila kitu," anamjibu bila kugeuka. "Hata mataya yakishika hewa, itazunguka."

"Lakini sensa inadanganya."

"Sensa tatu, bosi, zote zidanganye uongo mmoja? Nipe mpaka saa sita."

Msimamizi anatazama saa yake, anashusha pumzi, anaondoka.

Ukaidi huo una historia. Mama Alamu aliingia kwenye kazi hii kama mfagiaji, akizoa maranda ya chuma chini ya mashine, kisha akapanda hadi kuwa mwendeshaji. Miaka kumi na minne iliyopita, katika karakana nyingine ambayo sasa imefungwa, zamu iliyotangulia iliunganisha nyaya za sensa ili alamu isiwasumbue, na haikumwambia mtu. Yeye akawasha mashine. Chuma kilichomoka, kikavunja kioo cha mlango na kumpiga usoni. Alipoteza meno manne, na kwa wiki sita alikunywa supu kwa mrija.

"Mataya ya mashine yaliachia, taya langu likapokea," anasema, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili haufunguki vizuri hadi leo.

Mume wake, fundi cherehani, anaikumbuka siku alipomrudisha nyumbani. "Nilimwambia, mama watoto, njoo tukae wote dukani, utanisaidia kushona vifungo. Kuongea alikuwa hawezi, akachukua karatasi akaandika: vifungo shona wewe, mimi nataka kuzijua zile nyaya."

Akazijua kweli. Kwa miaka miwili alisoma umeme wa mitambo jioni baada ya kazi, katika darasa ambalo wanafunzi wote walimwita shangazi.

Sasa anaanza. Anafunga mataya matupu, anayafungua, anasoma kipimo cha presha ya mafuta. Presha haitetereki. Anapitisha vidole kwenye nyaya, kipande kwa kipande. Nzima. Kisha anauliza swali ambalo kwa siku tatu hakuna aliyeliuliza.

"Kile chuma kilichokataliwa kiko wapi?"

Mwendeshaji, mwanamume mwenye mvi na maneno machache, anakileta pamoja na kingine kilichokubaliwa. Kwa macho ni pacha. Mama Alamu anavipima. Kimoja kina unene wa milimita sitini. Kile kilichokataliwa kina hamsini na nane na nusu.

Wanavipima vyuma vyote hamsini na tisa vilivyobaki. Ishirini na viwili ni vyembamba. Stoo ilipokea mizigo miwili, ikaichanganya kwenye rafu moja.

"Kwa hivi vyembamba, mataya yalikuwa yanafika mwisho wa safari yao kabla ya kubana," anamweleza msimamizi aliporudi. "Yalikuwa yanagusa tu. Sensa ilikuwa inawaambia kweli."

Msimamizi anakipima chuma mwenyewe, anarudia, halafu anakiweka mezani taratibu.

"Ningeiwasha," anasema. "Nani alikuwa asimame pale mlangoni?"

"Mimi," anajibu mwendeshaji. "Ilikuwa zamu yangu."

Mama Alamu tayari ameshika spana.

Vyembamba navyo vinatosha kutoa shafti, kwa hiyo anayasogeza mataya hatua moja ndani ili yavifikie, anayachonga upya yakae sawa, anairekebisha sensa, kisha anajaribu chembamba na kinene, mara tano kila kimoja. Saa saba na dakika ishirini taa ya kijani inawaka. Aliomba hadi saa sita, lakini hakuna anayemkumbusha.

Shafti zote zilikabidhiwa kesho yake jioni. Siku hiyohiyo msimamizi alitia kufuli sanduku la nyaya za mashine na kumpa Mama Alamu ufunguo mbele ya wafanyakazi wote. "Sikulia," anasema Mama Alamu. "Nilikuwa na vumbi machoni, na karakana ina vumbi, unajua."

Anachokitaka sasa ni kitabu. Mwongozo wa mashine umeandikwa kwa lugha ya kigeni, na waendeshaji wengi huubahatisha. Yeye amekwisha kuandika alamu themanini na tatu kwa Kiswahili, kwa mkono, kila moja na maana yake na pa kuanzia kutazama. Mwakani anapanga kukichapisha, na kila Jumamosi kuwafundisha waendeshaji, akianza na yule mwenye mvi ambaye ameshajiandikisha.

"Nikistaafu, alamu ikilia, sitaki waseme laiti Mama Alamu angekuwepo," anasema. "Nataka wapime."

Ukurasa wa kwanza wa daftari lake una sentensi moja, kwa wino mwekundu: "Kabla hujasema sensa inadanganya, nenda kakiangalie chuma."