Tobolwa la Baba

Juzi binti wa sensa alikuja na kishikwambi chake, akaniuliza ni wangapi walilala kwangu usiku ule wa kuhesabiwa. Kabla sijajibu, nilisikia harufu ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika alivyokuwa akituwekea bibi kwetu Nkololo.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, karani wa mtemi alifika kuandika sensa ya serikali, na baiskeli iliyokuwa ikilia kwe-kwe, shati lake likinukia sabuni, akamuuliza bibi ana watoto wangapi pale nyumbani. Bibi alinuna. Kwetu watoto hawakutajwa idadi. Ilikuwa kama kukiita kifo.

"Kaa ule kwanza, baba," alimwambia. "Macho unayo."

Akatuita, akampa kila mmoja wetu tobolwa. Karani akawa anatafuna na kuandika. Mwishoni likabaki moja kwenye ungo.

"Na hili la nani?"

"La mwanangu. Yuko migodini."

Baba alikuwa ameondoka tangu mvua za kwanza, na salamu zake zilikuwa hazijafika. Karani alilitazama lile tobolwa, akamtazama bibi, kisha akaandika. Mimi nikashusha pumzi. Nilidhani mtu akishaandikwa na serikali, lazima awepo. Asipoonekana, serikali itamtafuta mpaka imrudishe.

Leo najua sensa haihesabu asiyelala nyumbani, na kwamba yule karani alimwonea bibi huruma tu. Lakini baba alirudi tukiwa tunachuma pamba. Bibi alimshukuru Mungu. Mimi niliishukuru serikali.