Vyungu vya Bibi Kwenye Matofali ya Maua

Enzi zetu, na wenzangu wa Mpanda msinicheke kwamba bado sijazeeka, kukanyaga udongo ndio ulikuwa mchezo. Tukitoka shule, mimi na dada yangu Neema tuliingia kwenye shimo la udongo bondeni, tukakanyaga huku tunaimba mpaka magoti yakawa mekundu. Vijana wa sasa wakikanyaga tope kidogo, wanakipiga picha kiatu.

Baba alifyatua matofali ya maua. Alikuwa amechonga ua kwenye kibao cha mninga, akaligandamiza juu ya tofali bichi. Kanisa letu dogo liliyaagiza kwa ukuta wa mbele. Tanuru la kwanza lilipofunguliwa, kila ua lilikuwa limepasuka katikati. La pili, vilevile. Wazee wa kanisa wakasema likiharibika la tatu, watanunua tofali za simenti. Baba akawa hali chakula, anazunguka tanuru tu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mfinyanzi. Alikuja akavunja kipande cha tofali, akakilamba.

"Baba Neema, udongo mtupu hauvumilii moto. Uchanganye na uliokwisha kuungua."

"Mama, tangu lini vyungu vikajenga kanisa?"

"Tangu nyie mshindwe."

Akatoa vyungu vyake kimoja kimoja, akavivunja kwa mchi. Cha mwisho kilikuwa kile cha maji ya kunywa. Mimi na Neema tukatwanga, tukachekecha, tukachanganya kwenye udongo, tukapiga chafya za vumbi jekundu. Tanuru la tatu lilipofunguliwa, baba aligonga tofali la kwanza kwa kidole, likalia kama kengele. Maua yote yalikuwa mazima. Mwaka ule tulikunywa maji ya ndoo, ya vuguvugu, yananuka plastiki, na hakuna aliyelalamika.

Jumapili iliyopita kanisani lilitoka tangazo: ukuta ule utavunjwa, ujengwe mwingine wa marumaru. Vijana wanasema utang'aa. Kung'aa utang'aa. Lakini bibi alivunja vyungu ili ukuta usimame, na sisi tunauvunja kwa kuwa haung'ai.

Mimi si msemaji. Siku ile nilitaka kunyanyuka, nikabaki nimekaa. Tangu hapo situlii; naanza kazi naiacha, naenda kanisani, napapasa maua, narudi. Nikawaza niombe tofali moja tu, lile lenye chungu cha maji. Nikakumbuka tulivyotwanga na kuchanganya. Kimo kwenye yote.

Jumapili hii itabidi nisimame.