Ndege ya Mulongo na Mtoto Wake

Gurudumu la kushoto lilimpiga yaya wangu Ngoie, dada yangu mkubwa, mgongoni, akiwa ameinama juu ya mkeka wa samaki, kisha likapita juu ya mguu wangu. Hatukukimbia. Sisi wanawake wote tuliiona ndege ikija, na Ngoie mwenyewe alikuwa ametuambia, "Mubaki, iko mutoto." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Ninaandika safari hii kwa ajili ya watu wa Kamina. Mliambiwa kwamba tuligongwa kwa sababu hatujui ndege ni nini. Mjue pia nani alitufundisha kutokukimbia.

Kamina, wakati maji ya Lualaba yanaanza kupungua. Ngoie, mkubwa wangu, aliolewa na mvuvi kule Mulongo. Alinitumia habari kwa redio ya misheni: samaki wamejaa, kuja uchukue mzigo wako. Mimi ni mke wa koplo katika kambi ya jeshi, na wake wa askari tuliishi kwa kuuza samaki wale. Njia ya kawaida ni treni mpaka Bukama, halafu mtumbwi, safari ya kuchosha. Bwana wangu alikuwa akifanya kazi kwenye hanga, banda la ndege, akaniombea nafasi katika ndege ndogo ya jeshi, ile nyeupe ya motere mbili, yaani injini mbili, yenye mstari wa kijani.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta viti vya nyuma vimejaa masanduku. Yalikuwa ya Luteni Bosenga, mkubwa wa viwanja vyote vya ndege vya upande wetu. Alikuwa na ndege mbili za kuchezea, zimetengenezwa kwa mfano wa ndege ileile tuliyopanda: nyeupe, mstari wa kijani, motere mbili zinazokunywa mafuta ya kweli. Anaziongoza kwa redio, kisanduku cha vijiti viwili na waya mrefu. Moja ilikuwa ndogo kama bata. Ya pili ilikuwa kubwa hata mabawa yake hayakuingia kwenye sanduku, akaniwekea juu ya magoti.

"Shika muzuri, mama," akasema. "Ile iko na bei kupita weye."

Rubani Kitenge, mwenye cheo cha ajida, akacheka. Nami nikacheka. Ungefanya nini?

Tulipita juu ya reli, juu ya pori, halafu juu ya maji na mafunjo yasiyoisha. Sikuona sana. Nilikuwa nikiangalia mabawa yasivunjike.

Mulongo, kabla ya jua kuwa kali. Pale kila upande ni maji na matope. Ardhi kavu na ngumu ni pisti peke yake, njia ya kushukia ndege, kwa hiyo muhogo wote na samaki wote wanaanikwa pale. Misheni wanajua, jeshi wanajua. Kuna mapatano ya zamani: ndege inapita kwanza mara moja juu, wanawake wanakunja mikeka na kutoka, ndege inazunguka, inarudi, inashuka. Siku ile Kitenge alifanya hivyo. Nilimwona Ngoie chini, ana mkeka kichwani, anakimbia na kupunga mkono. Hakuna mtu aliyewahi kuumia pale.

Kitenge hakulala pale. Alikwenda kwenye kituo kingine, aje kutuchukua baadaye. Luteni alibaki, eti kukagua pisti. Alikagua kwa kukaa kwenye kiti cha misheni akila kambale wa watu.

Siku iliyofuata akatoa ile ndogo. Ilipiga kelele kama nyuki, ikapanda, ikashuka juu ya vichwa vyetu. Wanawake wakakimbia, wakakanyaga samaki wao. Luteni alicheka mpaka akajishika mbavu. "Munakimbia kama kuku," akasema.

Ngoie hakuwa mtu wa kunyamaza. Akamwendea na kanga yake yenye magamba.

"Luteni, hii mutoto yako inanyonya wapi?"

"Inanyonya kwa mama yake. Mama eko safarini, atarudia."

"Basi umufundishe adabu kabla mama yake arudie."

Watu walicheka sana. Tangu hapo kila mtu aliita ndege zile za kuchezea mutoto, na ile ya kweli mama.

Siku ya pili ya mchezo akaleta ile kubwa. Aliipeleka mbali, juu ya mafunjo, mpaka ikawa alama tu angani. Halafu akaileta chini, moja kwa moja kwenye pisti, kama ndege inayotaka kushuka. Hakuna aliyeweza kujua ni nini. Juu hakuna mti wala nyumba ya kupimia. Kitu kikubwa kilicho mbali na kitu kidogo kilicho karibu ni kimoja machoni. Tukakimbia. Akarudia. Tukakimbia tena. Akarudia mpaka tukachoka, na samaki walikuwa wanaharibika. Mwishoni tulikaa tu, tukaendelea kugeuza samaki, na ile kubwa ikapita juu yetu bila kutugusa. Luteni alikuwa na tabia ya kuisemesha kama mtu, akiiita ije: "Kuya kwa baba. Kuya tu, muzuri."

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo. Nilikwenda pistini kumsaidia Ngoie na mkeka wa mwisho. Luteni alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba ya misheni, mgongo kwetu, ana redio mkononi. Upepo ulitoka kwetu kwenda kwenye mafunjo, sauti ya motere ilikuja nyembamba. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Kuya tu. Piste libre. Usizunguke, tunachelewa." Piste libre ni Kifaransa: pisti iko wazi, haina mtu.

Ngoie akainua macho, akaona nyeupe na mstari wa kijani. Akasema lile neno lake, iko mutoto, akainama tena. Hatukujua kwamba ndege za kuchezea zilikuwa zimekwisha kufungwa kwenye masanduku. Redio aliyoshika ilikuwa ile ya kusemeshana na Kitenge.

Ngoie alikufa palepale. Ndege haikuvunjika kitu. Waliosha magurudumu kwa maji ya mtoni.

Mchana wakapakia. Mimi nililazwa chini ya bawa, mguu umefungwa kwa vijiti. Shemeji Kabwe, bwana wa Ngoie, alikuwa bado hajamzika mke wake, akaja kuniombea.

"Chef, muchukue huyu. Kamina kuko munganga."

"Nyuma kumejaa," Luteni akasema. "Kuko mabawa. Kesho tutamurudilia."

Kitenge aliangalia chini, akapanda, akawasha motere. Kiti changu kilikaliwa na mutoto. Kesho ile sijaiona mpaka leo.

Baada ya mazishi Kabwe alinilaza kwenye mtumbwi, tukapanda mto. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu, tena na tena, "Shemeji, unasikia mguu?" Kwanza nilisikia, baadaye sikusikia. Katika kijiji cha Katoto, karibu na Bukama, mwanamke mmoja aliniosha mguu, akaunusa, akaangalia pembeni. Bukama tulingoja treni ya kutoka Luena, nayo ilichelewa kama kawaida yake. Nilipofika Kamina munganga, daktari wa kambi, hakupoteza maneno. Alikata juu ya goti. Alisema ningeletwa siku ileile, ningetembea.

Komanda wa kambi alikuja kitandani. "Mulikuwa munafanya nini kwa pisti?" Nikaanza kumweleza. "Acha mambo ya mutoto-mutoto," akasema, akatoka. Leo kwenye bomba la maji wake wa askari wananiita mama aliyegongwa na kitu ya kuchezea.

Nimejifunza hivi: mtu wa chini hawezi kupima kitu kilicho angani. Siku ile aliyejua ipi ni mama na ipi ni mutoto alikuwa mmoja tu, naye ana nyota mpya mabegani, wanamwita meja.

Ajida Kitenge, ulizoea kuzunguka kwanza. Kwa nini siku ile ulikubali kushuka hivyo? Nawe Bosenga, uliposema piste libre, uligeuza kichwa kutuangalia au hukugeuza? Kama uligeuza, ulituona. Kama hukugeuza, ulijuaje? Njoo ujibu, na Kabwe awe amekaa hapo anakusikia.