Muuza Nguru wa Remera Aliyekataa Samaki Wasio na Vichwa

Saa moja na robo asubuhi, Béatha Kaliza amesimama nyuma ya lori la baridi lililoegeshwa kando ya soko moja la Remera, jijini Kigali. Anamvuta nguru wa kwanza kutoka katika barafu, anamlaza juu ya ubao wenye alama za sentimita, anaisogeza pua ya samaki hadi iguse kigingi, kisha anasoma alama iliyo penye panda ya mkia.

"Themanini na sita," anasema.

Gaju, mwenzake katika biashara, anaandika daftarini.

"Tisini na moja. Themanini na nne. Huyu... sabini na tatu."

Kalamu ya Gaju inasimama. Béatha anamgeuza samaki huyo, anaisoma kadi iliyofungwa mkiani mwake, kisha anampiga picha kwa simu.

"Gerald atanisikia leo," anasema.

Gerald ni ofisa uvuvi aliyeko Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja na mia nne. Kila Ijumaa Béatha humpelekea vipimo vya samaki wote waliomfikia. Wote wawili wamo katika mpango wa majaribio unaowaunganisha maofisa wa Kenya na Tanzania, ambako nguru huvuliwa, na wafanyabiashara wachache wa Kigali, ambako huuzwa. Sharti ni kwamba kila samaki asafiri mzima, pamoja na kadi inayotaja chombo kilichomvua na diko alikoshushwa.

Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Nguru huanza kutaga mayai akikaribia urefu wa sentimita themanini; anayevuliwa mapema kuliko hapo huondoka bila kuacha uzao. Tena samaki huyu husafiri. Akilindwa upande mmoja wa mpaka wa bahari na kumalizwa upande wa pili, ulinzi huo haujamfaa kitu.

Lakini samaki mzima huja na kichwa, na Kigali haikipendi kichwa.

Béatha, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, alizaliwa na kulelewa Karagwe, nchini Tanzania, na kurejea Rwanda pamoja na wazazi wake akiwa na miaka kumi na tisa. Aliolewa katika ukoo wa wafugaji ambao haukuhesabu samaki kuwa chakula. Alipoanza biashara hii, miaka kumi na mmoja iliyopita, mama mkwe wake, Bibi Mukunde, alikaa miaka minne bila kunywa maziwa nyumbani kwake, kwa kuwa sufuria ya samaki ilikuwa imepita katika jiko lile.

Wateja nao hawakumwonea huruma.

"Waliniambia, 'Mama, hii samaki iko inaniangalia. Toa kichwa kwanza, ndiyo tuongee bei,'" anakumbuka, akiiga sauti zao. "Basi nikampigia simu tajiri wa pwani anayeniuzia samaki. Nikamwambia, kata huko huko."

Uamuzi huo ulionekana kuwa wa busara. Kichwa ni karibu sehemu moja ya saba ya uzito, na nauli ya lori hulipwa kwa kilo. Wenzake sokoni waliufuata mara moja, na baada ya mwaka mmoja hakuna nguru aliyeingia Remera akiwa na kichwa.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Kusafirisha mifupa njia yote ile, ili watu waikatae?"

Mwaka juzi, waandaaji wa mpango waliwapeleka wafanyabiashara sita wa Kigali pwani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Béatha kuiona bahari. Hata hivyo, anachokisimulia si bahari. Nyuma ya sakafu ya kupasulia samaki aliona rundo la vichwa, akauliza ni vya nani.

"Mzee mmoja aliyekuwa akipara samaki alicheka. Akaniambia, 'Vya kwenu, dada. Rundo hili tunaliita Kigali.'"

Béatha aliinama, akaokota kichwa kimoja. Kilienea katika kiganja chake.

Hapo ndipo alipoelewa. Samaki aliyekatwa kichwa hapimiki. Waliotumia nyavu za macho madogo walikuwa wamepata soko lisilouliza swali, na hakuna mkaguzi wa mpakani aliyeweza kujua kama kiwiliwili kile kilikuwa cha samaki aliyekwisha kutaga au la.

"Sikuvua hata mmoja," anasema polepole. "Lakini ni mimi niliyeomba vikatwe."

Aliporejea alitoa agizo jipya: samaki mwenye kichwa, au asiletwe kabisa. Mwanzoni, kati ya kila nguru kumi aliowapima, wanne hawakufikia kipimo. Sasa ni mmoja. Maofisa wa pwani huyatumia madaftari yake kujua ni diko lipi linalohitaji kutembelewa.

Pamoja na hayo, faida yake, iliyokuwa faranga laki tatu na nusu kwa mwezi, mwezi uliopita ilishuka hadi laki moja na elfu ishirini. Mumewe alifariki miaka mitano iliyopita, na mwanawe, Manzi, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Kwa hesabu yake, anaweza kuvumilia miezi mitatu tu.

Leo mambo yanazidi kuwa magumu. Saa mbili kamili anafika Damascène, mpishi mkuu wa jiko linaloandaa vyakula vya harusi. Kati ya kilo mia moja na arobaini anazoleta Béatha kila wiki, Damascène hununua sitini. Wiki iliyopita alimpa hadi leo abadili msimamo.

"Mama Manzi, bonjour. Umeniletea samaki ama umeniletea macho tena?"

"Bonjour, Chef. Samaki hawa hapa."

"Rwose, kwa kweli, mimi ninapikia maharusi. Bibi harusi akiona meno ya samaki, nani atanilipa?"

"Nitakikata hapa hapa, mbele yako. Nimekwisha kupima."

"Na kilo za kichwa?"

"Hutazilipa."

"Sawa. Bei?"

"Elfu tisa na mia tano."

Damascène anapiga mluzi. "Jirani yako ananipa kwa elfu nane. Hana kichwa, hana maneno."

"Umemwuliza ana umri gani?"

"Nani? Jirani?"

"Nguru!"

Wachuuzi walio karibu wanaangua kicheko, na Damascène mwenyewe anacheka hadi anashika meza. Kisha anakuwa mtulivu.

"Siwezi, dada yangu. Tajiri wangu anaangalia risiti. Haangalii bahari."

Anampa mkono, anaondoka mikono mitupu. Béatha hamlaumu. Wakati wa msiba wa mumewe, mtu huyu ndiye aliyewapikia waombolezaji siku tatu bila kupokea hata faranga moja.

"Kilo sitini, Mama Manzi," Gaju ananong'ona. "Tutazila sisi?"

Tumaini moja lipo katika mkutano. Mwezi ujao maofisa wa Kenya, Tanzania na Rwanda watakutana Kigali kujadili kama sharti la samaki mzima liwe la kila mfanyabiashara. Likipita, jirani yake naye atalipia nauli ya vichwa, na bei zitalingana. Mkutano huo umekwisha kuahirishwa mara mbili. Nchi za pwani zinataka ukaguzi ufanyike mpakani. Rwanda inataka ufanyike ufukoni.

"Kila mmoja anataka mwenzake ndiye aushike ubao," anasema Béatha. "Mimi nimeushika, na mkono haujakatika. Wameniahidi dakika tano za kusema. Nitawaambia hilo."

Na wakiahirisha tena?

Anachagua nguru sita walio wakubwa, anawakata vichwa kwa panga zito, anavipanga katika ndoo ya barafu. Jumapili, baada ya ibada ya pili, atavipika supu katika ua wa kanisa lake huko Niboye, kwa ndimu, tangawizi na ndizi mbichi. Wanawake arobaini wa kwaya wamekwisha kuandikisha majina.

"Watakimbia," anasema Gaju.

"Watafumba macho wanywe. Halafu watauliza kama kimebaki."

Akiwapata wanunuzi wa vichwa, kila kichwa kitajilipia nauli yake, naye ataweza kumwuzia Damascène kwa elfu nane na mia tano. Anafunika ndoo kwa gunia lililoloa, anaifunga kamba.

"Serikali zitakubaliana siku zitakapokubaliana," anasema. "Supu inahitaji dakika arobaini."