Mwali Aliyejibu kwa Kifaransa

Sisi tuliokulia Tanga tukicheza na vifuu, tusidanganyane: mchezo wetu mkubwa ulikuwa harusi. Tulipika mchanga, tukapakua kwenye majani ya mkungu, mwali tukamfunika kanga iliyoibwa kwa mama. Bwana harusi alikuwa msichana mwenzetu, ndevu kachorwa kwa masizi. Mwali akiulizwa, "Unamtaka?" hunyamaza. Siku moja mimi nikadakia, "Namtaka!" Mama akatoka jikoni na mwiko, akanipa wa mgongo. "Huna haya! Mwali hajibu. Kunyamaza ndiko kukubali."

Maneno hayo nimezeeka nayo, nikafika nayo mpaka Guangzhou, Uchina.

Nilikuja kufunga mzigo wa vidoli mtaa wa Yide Lu. Mjukuu wangu Zuwena anasoma chuo hapa, na kila mtu ajue ni damu yangu. Akaniambia, "Bibi, Jumapili naigiza, mara yangu ya kwanza. Usiponitazama wewe, atanitazama nani?" Kikundi chenyewe cha Wakongo na Waguinea wanaosoma naye, maigizo yao Kifaransa kitupu. Mimi Kifaransa sina hata cha kuombea maji. Nikamkokota na laoban wangu, yule Mchina mwenye duka la vidoli, tukakaa mbele kabisa.

Zuwena katoka kavaa kibibi harusi. Kijana wa Kikongo kapiga goti, kauliza swali refu. Zuwena akainua uso, akapaza sauti: "Me wi!"

Neno hilo nalijua! Wiki nzima madukani nimeambiwa "mei yu": hakuna, hapana, nenda zako. Leo mjukuu wangu anamfukuza mume mbele ya watu! Laoban naye anacheka, "Mei yu! Mei yu!" Nikasimama.

"We Zuwena! Mtu kapiga goti unamwambia hakuna? Nani kakufunza jeuri hiyo?"

Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Yule Mkongo, goti bado chini, akaniita: "Maman, tulia! Anaitika! Ile ni ndiyo!"

Ndiyo? Kwa mdomo wake? Mbele ya Wachina? Hapo ndipo nilipostuka kweli kweli. Nikautamani ule mwiko.

Zuwena machozi yako njiani, na mchezo wake nimeuua mimi. Lakini mtoto hakukimbia. Akanikazia macho, akasema kwa Kiswahili, "Bibi, namtaka!" Kisha akamgeukia mwenzake, akarudia kwa Kifaransa, wakaendelea. Nikakaa.

Watoto wa siku hizi ndiyo yao haina hata pazia, wanaitupa kama ganda la chungwa. Enzi zetu kanga zilinukia udi, mwali akiwa na haya zake, ngoma siku saba. Nazililia siku zile, sikatai.

Ila nilipofika miaka kumi na minne, waliponiuliza bila mchezo, nilinyamaza kama nilivyofunzwa. Vigelegele vikapigwa. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza nilinyamazia nini.